Mji wa Shaba na Vichekesho vya Utawala

Mji wa Likasi, ulio kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika nchi ya shaba ya Haut-Katanga, umefika mbele ya watazamaji wa dunia kwa jina ambalo wenyeji waliliacha mwaka 1966. Filamu iliyoongozwa na Richie Smyth na kutolewa mwaka 2016 iliwaonyesha walimwengu Jadotville ya Septemba 1961, wakati askari wa Ireland wasiozidi mia moja na sitini, waliotumwa na Umoja wa Mataifa chini ya Kamanda Pat Quinlan, walipozingirwa kwa siku tano na majeshi ya Katanga na mamluki wao, wakapigana mpaka risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha bila ya kufiwa na mtu hata mmoja. Ni kisa cha ushujaa, na haki ya askari wale kukumbukwa, baada ya miaka mingi ya kunyamaziwa katika nchi yao wenyewe, haina mjadala. Walakini picha zenyewe zilipigwa Afrika Kusini, na wenye mji, yaani wachimbaji wa Panda, mafundi wa Shituru na wanawake wa soko la Kikula, karibu hawana neno la kusema ndani yake. Mji umeazima jina lake kwa hadithi ya wageni waliopigana na wageni wengine.

Katika makala haya nataka kuitazama Likasi kwa upande wa pili, nao ni upande wa kichekesho. Watu wa mji mdogo hudhihirika zaidi katika ugomvi wao wa kila siku kuliko katika siku za mizinga: nani akae kiti cha mbele, nani atie sahihi, nani ahesabiwe mwenyeji na nani ahesabiwe mgeni, na nani aliye na haki ya kula madaraka peke yake. Mambo hayo yana uchungu mwingi, lakini yana kichekesho pia, na mataifa yaliyojua kuyatia katika senema yamejiachia kumbukumbu ambayo vitabu vya mahesabu na ripoti za serikali haviwezi kuitoa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ulaya ilipata filamu kadhaa za namna hiyo ambazo mpaka leo zinahesabiwa miongoni mwa bora. Ufaransa mwaka 1948 Pierre Chenal aliitia katika senema riwaya ya Gabriel Chevallier ya mwaka 1934, Clochemerle, ambamo meya wa kijiji cha wakulima wa zabibu anajenga choo cha umma karibu na kanisa, na kwa ajili ya choo hicho kijiji kizima kinagawanyika mafungu mawili yasiyopeana salamu. Mwaka uliofuata Henry Cornelius alitoa Passport to Pimlico, hadithi ya mtaa mmoja wa London ambao bomu lililolala ardhini tangu wakati wa vita linalipuka, na katika shimo lake inaonekana hati ya kale inayothibitisha kwamba mtaa ule ni milki ya Burgundy wala si ya Uingereza. Basi wakazi wake, waliochoka na mgao wa vyakula na amri za wizara, wanajitangazia uhuru, wanaweka mpaka, wanadai pasi kwa wapitao. Na mwaka 1953 Luis García Berlanga wa Hispania aliwaonyesha watu wa kijiji maskini wakijivisha nguo zisizo zao na kupamba nyumba zao kwa mapambo ya jimbo jingine, ili wawapendeze Wamarekani wanaotazamiwa kuja na misaada, nao Wamarekani wanapita na magari yao bila ya kusimama. Katika zote tatu jambo lenyewe ni dogo, na fahari ni kubwa, na mtazamaji anacheka huku akijua kwamba yeye naye angalitenda vivyo hivyo.

Filamu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa Jadotville, wala mtu wa Jadotville hakuwa na ruhusa ya kuingia senema apendavyo. Sheria ya wakoloni wa Kibelgiji ya mwaka 1945 ilimkataza Mwafrika kutazama filamu yoyote isipokuwa ile iliyokwisha kupita mbele ya kamati ya ukaguzi na kuonekana haina madhara kwake, na madhara hayo, kwa fikira za wakaguzi, yalikuwa ni pamoja na kumwona mzungu akidanganya, akiiba au akidharauliwa. Ukimwondoa mkubwa anayedharauliwa umekiondoa kichekesho cha siasa chote, kwa maana hakuna kichekesho cha utawala ambamo mtawala hajikwai hata mara moja.

Mji wenyewe ulikuwa milki ya kampuni kabla ya kuwa milki ya raia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata madini kando ya reli; reli ilipofika Kambove mwaka 1913, njia ya kuelekea machimbo ya Likasi ilikuwa imefunguka, kisha ukaja mtambo wa kuchambua madini pale Panda katika miaka ya mwanzo ya 1920, na kiwanda cha kusafishia shaba kwa umeme pale Shituru mwaka 1929. Jina la Jadotville lilitoka kwa mhandisi Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa makampuni yaliyoitawala Katanga, naye alipewa heshima hiyo mwaka 1931, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kampuni ilijenga kambi, hospitali, shule na nyumba za ibada. Iligawa unga, iliandika ndoa, ilipima watoto. Na jioni, kwa kuwa mfanyakazi aliyekwisha kuletewa mke na nyumba alihitaji pia kupewa kitu cha kumshughulisha asiende kunywa pombe au kusikiliza maneno ya mgomo, kampuni ilileta senema. Maneno ya mgomo hayakuwa njozi ya wakubwa tu, kwani mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru walisimamisha kazi kudai nyongeza ya mshahara, kama walivyofanya wenzao wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na hapa na kule damu ilimwagika.

Vichekesho walivyopewa watu wa Kongo katika miaka ya 1950 aghalabu vilitoka mikononi mwa wamisionari. Vilivyopendwa kupita vyote ni vile vya Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut, aliyezipiga picha zake Luluabourg, katika Kasai, akiwa na wachezaji wawili waliojulikana kwa majina ya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwenziwe mwembamba, kwa mfano wa Laurel na Hardy. Matamata hununua, hupoteza, huoa, hugombana, hujivuna kwa kofia mpya, na mwisho hupata funzo. Mimi sikubaliani na wanaozitupa filamu hizo kwa sababu tu ya funzo lake la kizazi kile. Tristan Bourlard alipowatafuta watazamaji wa zamani kwa filamu yake ya mwaka 1996 alikuta bado wanawapenda, na mtu hapendi kwa miaka arobaini kitu kilichokuwa cha kumdhalilisha tu. Hadhira ilicheka palipokusudiwa na pasipokusudiwa pia, na ilijifunza jambo ambalo padri hakulipanga, nalo ni kwamba mtu mweusi wa kawaida, mwenye baiskeli na madeni, anaweza kuwa ndiye mkubwa wa hadithi. Siku zilezile, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kijana Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii, alicheza katika filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu, na miaka michache baadaye, mwanzoni mwa 1962, akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, jambo linaloonyesha jinsi njia ya kutoka jukwaani mpaka barazani ilivyokuwa fupi katika kizazi kile.

Likasi nayo ilikuwa karibu kupata kisa chake chenyewe, tena chenye kustahili senema. Amri ya tarehe 26 Machi 1957 iliweka utaratibu mpya wa miji ya Kongo, na mwezi wa Desemba mwaka huo, kwa mara ya kwanza katika koloni lile, Waafrika waliitwa kupiga kura, wanaume tu, kuchagua madiwani wa komini zao. Miji iliyochaguliwa kwa jaribio hilo ilikuwa mitatu: Léopoldville, Élisabethville, na huu mji wa Jadotville. Hebu fikiri, msomaji, jambo lile lilikuwa na uzito gani kwa mji ambao miaka arobaini nyuma haukuwa ila mashimo na mabanda. Kwamba seremala wa Kikula, ambaye mpaka jana alihitaji karatasi ya kutembea usiku, leo anatazamwa usoni na watu wanaomwomba sauti yake. Katika Kikula aliyekuja kuwa mkuu wa komini ni Victor Lundula, mtu wa kabila la Watetela, msaidizi wa tiba ambaye wakati wa vita alikuwa sajini katika Force Publique, jeshi la koloni, na kufika hadi Burma. Haukupita muda mrefu, mwezi Julai 1960, Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimteua Lundula huyohuyo kuwa jenerali na mkuu wa jeshi la taifa lililoasi, naye alikuwa bado huku Katanga, akijitahidi kwanza kutuliza askari wa hapa kabla ya kupata njia ya kufika makao makuu. Kutoka diwani wa mtaa mpaka jemadari wa nchi nzima ni safari ambayo mtunzi wa vichekesho angaliogopa kuibuni, na Lundula aliipita kwa murua na utulivu ambao walioandika habari za siku zile wanamkubalia.

Lakini sanduku la kura lilitoa pia kitu kingine. Kampuni kwa miaka mingi ilikuwa imewaleta wafanyakazi kutoka Kasai, nao walikuwa wengi, waliosoma, na waliojipanga. Hivyo katika Élisabethville watatu kati ya wakuu wanne wa komini walikuwa watu wa Kasai, wala hapakuwa na hata mmoja wa Katanga. Waliojiita wenyeji wa kweli waliingiwa na fadhaa, na katika mwaka 1958 walianzisha CONAKAT, chama ambacho kwanza kiliongozwa na Godefroid Munongo na baadaye na Moïse Tshombe. Swali la mji mdogo, yaani nani ni wa hapa, likawa swali la mkoa, kisha likawa swali la dola. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, yenye bendera ya misalaba mitatu ya shaba, stampu zake, fedha zake, na wimbo wa taifa uliotungwa na Joseph Kiwele, mwanamuziki wa sifa kubwa. Kila kilichowachekesha watazamaji wa London mwaka 1949, mpaka na pasi na hati na fahari ya kujitenga, hapa kilitendwa kwa kweli, na kampuni nyuma yake na mamluki mbele yake, mpaka majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963 na mwezi ule ule jambo lote likafikia khatima. Katika filamu ya Cornelius majirani wanawarushia chakula waliozingirwa kwa kuwahurumia, na mwisho wote wanakaa meza moja. Katika Katanga watu wa Kasai walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa kwa maelfu.

Fahari ya mji ilipata sauti yake ya maandishi pia katika miaka hiyo. Gazeti la kampuni, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957, liliwasifu wafanyakazi hodari na bustani safi. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa wapishi na maboi wa nyumba za wazungu, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Élisabethville kama ilivyoonekana kutoka jikoni, na ndani yake wakubwa wa koloni wanapimwa na watu waliofua mashuka yao. Kitabu hicho, kwa maoni yangu, kina thamani kupita magazeti yote ya kampuni yakiwekwa pamoja.

Kichekesho cha siasa za mtaa, tena kilichopigwa picha, kilikuja kutimia Lubumbashi, kwa mikono ya kundi la Mufwankolo. Odilon Kyembe, ambaye kwa jina la jukwaani aliitwa Mufwankolo, alianza kucheza kabla ya uhuru, na kundi lake likapita kutoka katika vilabu vya burudani hadi redioni, na kutoka redioni hadi katika televisheni ya taifa, likifuatana na wachezaji ambao watu wa Katanga waliwajua kama jamaa zao wa nyumbani: Kachelewa, Shambuyi, Bibi Kawa na wengineo. Walicheza kwa Kiswahili cha migodini, kile kile kisemwacho Likasi, kilichochanganyika na Kifaransa na kuungwa kwa mithali za Kiluba na Kibemba, lugha ambayo walimu wa shule waliionea haya na ambayo hadhira iliipenda kwa sababu ndiyo waliyogombania na kuposea.

Utaratibu wao wa kutunga unastahili kuelezwa kwa wasaa, kwa kuwa ndani yake mna siasa nzima. Hawakuwa na mswada. Mtu alileta wazo, aghalabu mithali au kisa kilichotokea mtaani, na kundi lote likakaa kulijadili: mithali hii maana yake nini, imeelekezwa kwa nani, nani ameiona ikitendeka. Baada ya mjadala visa viligawanywa, na kila mchezaji akapewa mahali pake, akajua anatoka wapi na anafika wapi, lakini maneno ya njiani aliyatafuta mwenyewe katika mazoezi, akayabadilisha kwa kadiri mwenziwe alivyomjibu. Mzee wa kundi alisahihisha, lakini hakuandikia mtu midomo. Hivyo mchezo unaohusu utawala ulitungwa kwa baraza, na mchezaji wa nafasi ndogo aliweza kuugeuza mchezo mzima kwa jibu moja zuri.

Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Amsterdam na ambaye zamani alifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, alirudi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, akaketi mezani kwa rafiki zake kula kuku. Ilipofika habari ya firigisi, ambayo kwa desturi ni fungu la mkubwa, akasikia msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayakatwi vipande. Msemo ulimshughulisha, akauliza huku na huku, na alipouleta kwa kundi la Mufwankolo wao waliuchukua kuwa maudhui ya mchezo mpya waliokuwa wakiutayarishia sikukuu ya uhuru ya tarehe 30 Juni. Mchezo ulipewa jina la Kifaransa la msemo huo, Le pouvoir se mange entier, ukazoezwa, ukajadiliwa upya, kisha wachezaji na watu wa televisheni wakaenda kuupigia picha katika kijiji cha Kawama, nje ya Lubumbashi, mbele ya wanakijiji wenyewe. Ni habari ya mtawala, wazee wake wa baraza na watu wake. Ya amri zinazotiiwa na zinazodharauliwa, mashauri ya ugoni na wizi, tamaa ya waliokaa karibu na kiti, na swali ambalo halitoki katikati tangu mwanzo, iwapo utawala waweza kugawanywa na bado ukabaki utawala.

Lazima mtu akumbuke ule ulikuwa wakati gani. Zaire, yaani Kongo ya siku zile, ilikuwa na chama kimoja, na kila mkaaji wa nchi alihesabiwa mwanachama wake tangu kuzaliwa. Mchezaji aliyetaka kusema neno juu ya mtu mmoja aliyekula madaraka mazima, kwa televisheni ya mtu huyohuyo na katika sikukuu yake, hakuwa na njia ila ya kijiji, na kijiji kilimtosha. Hapana jina lililotajwa, hapana kofia ya chui iliyoonyeshwa. Kulikuwa na mfalme mdogo wa mahali padogo, mwenye wazee wanaompigia makofi, na aliyekuwa na masikio akasikia. Kwa hiyo mimi naiweka filamu ile ya Kawama pamoja na zile za Berlanga na Chenal, tena mbele yao kwa jambo moja: wale waliwaonyesha wanakijiji, na hawa walicheza kati ya wanakijiji, waliokuwa na haki ya kucheka kwa sauti au kunyamaza pale mtawala wa mchezo aliposema uongo.

Likasi haikupigwa picha siku zile, na miaka sita baadaye swali la mwaka 1957 lilirudi bila ya kichekesho. Mwaka 1992, baada ya maneno makali ya wanasiasa wa mkoa na vitendo vya vijana wa chama cha UFERI, watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Kikula na Panda na wasioijua Kasai hata kwa safari moja, walifukuzwa majumbani, wakalundikana kwa maelfu na maelfu katika kituo cha reli cha Likasi kungojea treni. Wengine walingoja miezi, na wengine walifia palepale kwa njaa na maradhi. Waliowafukuza walikuwa wametumikia kampuni moja nao, na watoto wao walikuwa wamekalia dawati moja. Mkoa wa Katanga wenyewe uligawanywa vipande vinne mwaka 2015, na Likasi ikabaki mji wa Haut-Katanga, na komini zake nne, Likasi, Kikula, Panda na Shituru, kila moja na fahari yake na malalamiko yake.

Sehemu ya hazina ya Mufwankolo imesalimika. Fabian aliyaandika maneno ya wachezaji kama walivyoyatamka, pamoja na mazoezi na mashauriano yao, akayatoa katika kitabu chake cha mwaka 1990, na michezo mingine ya kundi hilo ikawekwa katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam, ambako msomaji yeyote anaweza kuisoma. Ni jambo la kushukuriwa, lakini maandishi ni nusu ya mchezo, kwa sababu Mufwankolo alichekesha kwa bega na kwa kunyamaza pia, na mambo hayo hukaa katika kanda za televisheni, ambazo katika nchi zetu aghalabu hufutwa ili kuandikiwa hotuba. Hifadhi ya picha hizo ingefaa iwe katika miji ya shaba yenyewe, na Likasi, iliyo na jumba lake la makumbusho ya madini na mawe yaliyopewa majina ya wakurugenzi wa kampuni, ina nafasi na ada ya kutunza. Wazee waliopiga kura ya Desemba 1957 sasa ni wachache mno. Mwenye kamera na subira angewakuta bado barazani, wakibishana kuhusu Lundula na siku ile ya sanduku, na hangehitaji kuwaandikia maneno.